Pongo wa Saa Tisa Alasiri

Picha ya kwanza ambayo kamera yangu ya mtego, ile inayofungwa kwenye mti na kujipigia picha yenyewe kitu kinapopita mbele yake, ilinipigia ni ya goti langu mwenyewe. Ya pili ni ya goti la pili. Kuanzia ya 3 hadi ya 216 ni unyasi mmoja uliokuwa ukiyumba mbele ya lenzi tangu asubuhi hadi jua lilipozama, na katikati ya utitiri huo, kwenye kona ya kushoto ya picha moja tu, kuna nusu ya mkia ambao mjomba wangu anasema ni wa nguchiro na mimi ninasema ni wa paka wa jirani. Ubishi huo haujaisha hadi leo.

Shamba letu la familia liko wilayani Kisarawe, mbele kidogo ya Minaki, mahali ambapo mihogo na mikorosho inaishia na vichaka vya kuelekea msitu wa Kazimzumbwi vinaanzia. Mimi ninaishi Tabata, Dar es Salaam, na kazi yangu iko mjini, kwa hiyo shamba ninalijua kwa Jumamosi tu. Mjomba ndiye anayelala huko na kuamka huko. Mwaka ule mihogo iliyokuwa imebakiza miezi miwili kuvunwa ilianza kuchimbuliwa usiku, tuta baada ya tuta, na kila mtu alikuwa na mshitakiwa wake. Jirani wa juu alisema ni nguruwe pori, wa chini alisema ni nungunungu, na wa tatu, ambaye hakuona haya, alisema ni vijana wanaotoka Chanika na pikipiki. Shemeji yangu, ambaye wakati huo alikuwa amekuja likizo kutoka Marekani, alinisikia nikilalamika, akafungua begi lake na kunitolea kamera mbili ndogo zenye rangi ya magome ya mti. Huko alikokuwa anaishi, alisema, wenzake kazini huzifunga msituni miezi kadhaa kabla ya msimu wa kuwinda ili siku msimu unapofunguliwa wawe wanajua dume gani linapita wapi na saa ngapi.

Kwenye boksi kulikuwa na picha ya dume lenyewe, lenye pembe za matawi kama mti uliopukutika. Mjomba aliliangalia kwa muda mrefu, akauliza ni nani huyu. Nikamjibu kwamba ni kulungu, kwa sababu ndivyo nilivyoona watafsiri wakimwita. Alinirudishia boksi na kuniambia kwamba kulungu anamjua, amemla, na kulungu hana pembe za namna ile. Alikuwa na haki. Wasomaji wa Biblia ya Kiswahili wamekutana na mnyama huyo katika Zaburi ya 42 akiitwa ayala, jina la kuazima kutoka Kiarabu, na sababu ya kuazima ni kwamba kusini mwa Sahara hayupo kabisa. Katika Afrika nzima jamaa wa jamii hiyo walio wenyeji wanapatikana Algeria na Tunisia pekee. Mnyama wa kwetu anayekaribia kufanana naye kwa mwendo, kwa woga, na kwa jinsi anavyojua kusimama kimya kichakani mtu akapita hatua kumi pembeni yake bila kumwona, ni pongo, ambaye wengine humwita mbawala.

Nimeanza na suala la jina kwa sababu nilikuja kugundua kwamba tofauti ile haikuwa ya kamusi peke yake, bali iliingia hadi kwenye namna ya kuitumia kamera. Kijitabu kilichokuja nazo kiliandikwa kwa ajili ya mnyama ambaye pembe zake huanguka kila mwaka na kuota upya, zikikua wakati wa joto zikiwa zimefunikwa na ngozi laini yenye manyoya, zikivuliwa ngozi hiyo mwanzoni mwa majira ya kupukutika majani, kisha dume likaingia kwenye wazimu wa kupanda majike karibu na mwezi Novemba. Mwindaji wa huko anaweza kupanga kalenda yake yote kwa pembe hizo: Julai na Agosti aifunge kamera penye malisho, Oktoba aihamishie kwenye alama ambazo madume huzikwangua chini, Novemba asilale. Pongo hana kalenda hiyo. Pembe zake ni za kudumu, zimesokotana kidogo, hazianguki. Na katika ukanda wetu wa karibu na ikweta jike huweza kuzaa mwezi wowote. Nilikifuata kijitabu kile mwaka mzima kwa uaminifu wa mtu aliyesoma shule za bweni, na sehemu kubwa ya nilichokuwa ninakingoja haikuwa ije.

Kamera hizi zimetokana na uwindaji wenyewe, na sioni sababu ya kulificha jambo hilo kama wafanyavyo baadhi ya watu wa uhifadhi. George Shiras III, mwanasheria wa Pennsylvania aliyewahi kuwa mbunge katika bunge la Marekani, alikuwa akiwinda ayala usiku kwa mtumbwi na taa huko Michigan kabla hajaiacha bunduki na kushika kamera. Baadaye alitega nyuzi ambazo mnyama akizigusa alijipiga picha mwenyewe kwa mwanga wa baruti. Julai 1906 jarida la National Geographic lilichapisha picha zake 74, na watu waliokuwa hawajawahi kumwona ayala wa usiku akiwa hai walimwona akiruka hewani kwa mshtuko. Hata ile taa, hata ule utulivu wa kukaa upande ambao upepo hauwezi kumpelekea mnyama harufu yako, ulikuwa ni ujuzi wa mwindaji.

Kifaa cha leo hakina uzi. Ndani yake kuna sensa inayopokea joto, na ni muhimu kuelewa kwamba sensa hiyo haimwoni mnyama. Inachokiona ni joto linalohama kutoka sehemu moja ya eneo lake hadi nyingine likiwa tofauti na joto la vitu vilivyo nyuma yake. Unyasi uliopigwa na jua ukiyumba kwa upepo unatosha kuidanganya, ndiyo maana nilipata picha mia mbili za unyasi. Lakini kinyume chake ndicho kilichonichelewesha zaidi. Mwezi Februari, saa saba mchana, ardhi ya Kisarawe inapokuwa na joto linalokaribia la mwili wa mnyama, pongo anaweza kupita mbele ya kamera na sensa isishtuke, kwa kuwa kwake huyo ni joto ndani ya joto. Kadi zangu za kiangazi zilikuwa na wanyama wengi wa usiku na wachache mno wa mchana, nikajenga juu yake nadharia nzima ya tabia za pongo, na ilinichukua miezi kutambua kwamba sehemu ya tofauti ile ilikuwa ni ya kifaa changu na wala haikuwa ya wanyama.

Kijitabu kilisema pia kamera ielekezwe kaskazini ili jua lisiingie kwenye lenzi. Ushauri huo ni sahihi kwa aliyeko kaskazini ya dunia. Sisi tuko takriban nyuzi 7 kusini ya ikweta, na kwa sehemu kubwa ya mwaka jua letu la mchana liko upande wa kaskazini, kwa hiyo nikaigeuza itazame kusini. Ingawa kwa kweli, kwa kuwa jua letu hupanda juu sana, kosa kubwa kuliko yote ni kuitazamisha mashariki au magharibi, ambako kila asubuhi au kila jioni utapata picha nyeupe tupu. Niliifunga kwenye urefu wa goti la mtu mzima. Wengi huifunga kifuani kwa sababu ndipo mikono inapofika kwa urahisi, na matokeo yake wanapata migongo ya wanyama wakubwa na kuwakosa paa, ambao ni wadogo sana na hupita chini ya kila kitu.

Kuhusu Kariakoo sitasema mengi. Nilinunua kadi mbili za kuhifadhia picha zilizoandikwa GB 64, kwa bei ambayo ilipaswa kunitia shaka, katika duka ambalo silitaji. Wiki tatu baadaye nilikuta kwamba kila moja ilibeba takriban GB 8 na baada ya hapo kamera iliendelea kuandika mafaili yenye majina lakini yasiyo na picha ndani. Kwa muuzaji nilirudi, akanitazama kwa huruma na kuniuliza kama nilizijaribu kabla ya kutoka dukani. Tangu hapo ninakwenda na kompyuta yangu mkononi na ninaijaza kadi hadi mwisho nikiwa nimesimama palepale kaunta, jambo ambalo limenipa sifa ya usumbufu katika mtaa mzima. Betri nazo ni hivyohivyo: kamera moja inakula 8 ndogo, na zile za bei rahisi zinazotosha rimoti ya televisheni hazifiki wiki mbili, kwa sababu usiku kila picha inahitaji taa ziwake.

Sasa nije kwenye kisa cha saa, ambacho mjomba hukisimulia kila anapopata mgeni.

Mara ya pili tulipofunga kamera nilimwachia mwanangu, aliyekuwa darasa la sita, kazi ya kupanga tarehe na saa. Alimuuliza babu yake ni saa ngapi, babu akamjibu ni saa mbili, naye akaandika 02:00. Hakuna aliyekosea kati yao. Ilikuwa ni saa mbili asubuhi, na Kiswahili kinahesabu tangu jua linapochomoza. Kifaa hakijui hivyo. Kwa mwezi mzima kamera ile iliishi saa sita nyuma ya sisi sote. Nilipochukua kadi nikaziandika nyakati kwenye daftari kabla hata ya kuziangalia picha vizuri, kisha nikampigia mjomba simu kwa furaha kubwa kumwambia kwamba pongo dume anapita kwenye kijia cha bondeni saa tisa alasiri, mara nne ndani ya mwezi mmoja.

Mjomba alinyamaza kidogo. "Mjomba," akasema, maana na yeye huniita hivyo hivyo, "pongo wa Kisarawe hapiti saa tisa alasiri, labda awe amechoka kuishi."

Nikamwambia kamera haisemi uongo. Akaniuliza picha ina rangi gani. Ndipo nilipoitazama: ilikuwa ya kijivu, ya taa za usiku, macho ya pongo yakiwa mawili meupe kama sarafu. Saa tisa alasiri ya kamera ilikuwa ni saa tatu usiku ya Mwenyezi Mungu. Na zile picha za rangi, za wanawake wakipita na kuni, kamera ilikuwa imeziandika kuwa ni za saa nane na saa tisa usiku, na mimi nilikuwa nimeziruka kwa kuwa sikuwa ninawatafuta wanawake.

Tangu siku hiyo nilianza kumsikiliza mjomba zaidi na kamera kidogo. Katika ujana wake alikuwa na gobore na leseni. Anaikumbuka marufuku ya uwindaji ya nchi nzima iliyotolewa mwaka 1973 na kuondolewa 1978, na anaikumbuka kwa kuwa ndiyo miaka ambayo baba yake alimfundisha kusoma nyayo bila kubeba silaha. Yeye huinama, huigusa kingo ya unyayo kwa ncha ya kidole, na kukuambia kama umande ulidondoka kabla au baada ya mnyama kukanyaga. Hutazama pia upepo, na hapa pwani upepo una ratiba yake: miezi ya kusi tunaingia bondeni kutokea kaskazini tukiukabili, na kaskazi inapoanza kuvuma tunazungukia upande wa pili, ili hata sisi wa kubadilisha betri tusiache harufu kwenye kijia. Kabla ya hapo nilikuwa ninakwenda kila Jumamosi, kwa njia ileile, nikiwa nimejipaka manukato ya mjini, halafu ninashangaa kwa nini picha za Jumapili hadi Jumanne hazina kitu.

Hizo siku zisizo na kitu ndizo ninazotaka kuzizungumzia, kwa kuwa nadhani ndipo wengi wetu tunapokosea. Mtu akipata picha 41 za pongo kwa mwezi husema ana pongo wengi. Akipata 3 husema wamekwisha. Zile 41 zangu nilizipanga mezani na kuzilinganisha madoa, kwa kuwa madoa na mistari ya pongo hutofautiana kutoka mmoja hadi mwingine, nikakuta ni pongo watatu: dume mmoja mweusimweusi mwenye sikio la kushoto lililochanika, na majike wawili. Dume peke yake alikuwa na picha 26, na 11 kati ya hizo zilipigwa ndani ya robo saa moja aliposimama kula majani mbele ya lenzi. Watafiti wana desturi ya kuzihesabu picha za mnyama wa aina moja zilizopigwa karibukaribu, mathalani ndani ya nusu saa, kuwa tukio moja, kisha kuzigawa kwa idadi ya usiku ambao kamera ilikuwa kazini. Nilipofanya hivyo, mwezi wangu wa neema ulipungua hadi matukio 13 kwa usiku 60 wa kamera mbili. Nikaihamisha kamera moja hatua ishirini tu, kutoka kwenye kijia hadi chini ya mkorosho, na pongo wakatoweka kabisa kwenye kadi. Hawakuwa wamehama. Nilikuwa nimehama mimi.

Kwa hiyo mwaka wa pili niliacha kalenda ya boksi na kuandika ya kwetu. Masika kadi hurudi na ukungu ndani ya lenzi, konokono juu ya sensa, na mara moja nilikuta siafu wamehamia kwenye sehemu ya betri na mayai yao. Lakini udongo ni laini na nyayo zinasomeka, kwa hiyo miguu inafanya kazi kuliko kifaa. Kipupwe, nyasi zinapokauka na moto wa wachoma mkaa kuanza kuonekana usiku upande wa Chanika, pongo husogea kwenye kijito na huchelewa kutoka. Dume langu lenye sikio lililochanika lilihama kutoka saa tatu usiku hadi saa sita na saa saba. Halafu inakuja Oktoba na Novemba, na mabibo yanaanza kuanguka chini ya mikorosho. Hapo ndipo palipokuwa na utajiri wote. Sisi huchukua korosho na kuyaacha mabibo chini yachachuke, na harufu yake inafika mbali. Katika wiki mbili za Novemba kamera iliyokuwa chini ya mkorosho mmoja ilipiga pongo wote watatu, nguruwe pori sita na watoto wao, nungunungu, ngawa, kanu, panya buku, na kundi la kororo waliokuja asubuhi kusafisha kilichobaki. Katika picha moja nungunungu amefungua miba yote akimzuia nguruwe dume asilisogelee bibo ambalo mwenyewe tayari amelikanyaga.

Kesi ya mihogo ilimalizikia hapohapo. Nguruwe pori walikuwa wameingia shambani kwa usiku nne tu, kwa fujo, na ndio waliokuwa wakionekana kama jeshi. Nungunungu alikuwa akija karibu kila usiku, peke yake, kimya, akichagua mhogo mmoja mmoja. Vijana wa Chanika hawakuonekana hata mara moja. Jirani wa tatu nilimpelekea picha kwa simu, akajibu kwa alama ya dole gumba.

Kuhusu msimu wa sheria, Tanzania uwindaji unasimamiwa na Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009, leseni ni ya lazima, na msimu kwa desturi hufunguliwa tarehe 1 Julai. Kuwinda usiku kwa taa hakuruhusiwi, na ndani ya hifadhi ya mazingira asilia kama Pugu Kazimzumbwi, iliyo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, hakuna cha msimu wala leseni. Kamera zangu ziko ndani ya mpaka wa shamba letu na hazijawahi kuvuka. Anayetaka kuzifunga hifadhini anahitaji kibali, na ni vizuri iwe hivyo. Lakini rafiki yangu mmoja aliyefanya kazi ya kusaka nyayo kwenye vitalu vya uwindaji vya kusini ananiambia kwamba huko kamera imekuwa chombo cha lazima. Chui anayeruhusiwa kuwindwa ni dume peke yake, na kwa simba kanuni zinalenga madume ya miaka 6 na kuendelea. Zamani mtu alikaa kwenye kibanda jioni, akaona kivuli juu ya mti wenye chambo, akaamua kwa dakika mbili. Sasa kamera inafungwa mbele ya chambo siku kadhaa kabla, na picha zinakuzwa: shingo, kichwa, sehemu za siri, na kwa simba, weusi wa pua unaoongezeka kadiri anavyozeeka. Rafiki yangu anasema amewahi kuona mgeni akiambiwa arudi kambini kwa sababu picha ilionyesha jike. Hapo kamera imeokoa chui. Sijui kama aliyeivumbua alitarajia.

Kwa upande mwingine, jimbo la Arizona lilipiga marufuku kuanzia 2022 matumizi ya kamera hizi kwa ajili ya uwindaji, baada ya malalamiko kwamba kila kisima cha maji katika nchi ile kavu kilikuwa kimezungukwa na kamera za watu kadhaa, na kwamba mnyama hakuwa tena na nafasi ya haki. Nimelifikiria hilo sana kwa sababu shemeji yangu ameniahidi kamera ya aina mpya, yenye laini ya simu, ambayo hutuma picha papo hapo. Kwa kulinda mihogo ningeipokea leo. Kwa mtu mwenye bunduki aliyekaa mita mia mbili kutoka kwenye kijia na simu mkononi, naona imevuka mpaka: kamera ya kawaida humwambia mwindaji kwamba mnyama alikuwa hapa, na kazi yote iliyobaki inabaki kuwa ya miguu, macho na upepo, ile ya laini humwambia kwamba yuko hapa sasa hivi, na baada ya hapo sioni ni nini kinachobaki kuitwa kuwinda. Mjomba nilimweleza, akauliza kama vocha ya kumpigia pongo mwenyewe nayo inauzwa.

Mwishoni mwa Novemba mwaka wa pili kamera ya bondeni ilinyamaza. Nilikuta kadi ina picha za siku nane, kisha siku ishirini na moja za utupu. Betri zilikuwa nzima, kadi ilikuwa halisi, sensa iliwaka nilipoipungia mkono. Kamera yenyewe ilikuwa imegeuzwa kulielekea shina la mti. Picha ya mwisho kabisa ilikuwa ni kiganja cha mkono kikijaza fremu nzima, mistari yake ikisomeka kama ramani, na ya kabla yake ilikuwa ni ya mtu aliyepiga magoti kwenye kijia, amegeuza uso kutazama moja kwa moja kwenye lenzi. Kamera hiyo ni ya taa zinazotoa wekundu hafifu zinapowaka usiku. Zipo za aina nyingine ambazo hazionekani kabisa ila hazifiki mbali. Mkononi alikuwa na waya wa breki ya baiskeli.

Tulitembea kijia chote siku hiyo na kukuta mitanzi saba, imefungwa kwa ustadi kwenye miti michanga iliyopindwa, yote kwa urefu wa shingo ya pongo. Mjomba aliing'oa mmoja mmoja akiiviringa kiganjani, na kwenye wa tano alisimama akanionyesha manyoya ya kahawia yaliyonasa kwenye fundo na magome ya mti yaliyochubuliwa kwa mzunguko. Mnyama alikuwa amepambana akajinasua. Mjomba alinieleza bila mimi kumuuliza kwamba sikukuu zinapokaribia ndipo waya zinapokuwa nyingi. Kadi zangu za miaka miwili zilikuwa zinasema jambo hilohilo kwa njia yao: Desemba zote mbili matukio ya pongo yalikuwa machache na yote ya usiku wa manane, ingawa mabibo yalikuwa bado yako chini.

Picha ya uso nilimwonyesha mwenyekiti wa kitongoji na mtu mwingine hakuiona. Mjomba alimtambua mwenye uso, alikwenda kwake jioni, walikunywa chai, na walichozungumza sijaambiwa. Za wanawake wa kuni nilizifuta zote, na tangu hapo huzifuta palepale shambani kabla ya kadi haijaondoka, kwa kuwa hakuna mtu aliyewauliza kama wanataka kupigwa picha na mti.

Kwenye kadi ya Februari kulikuwa na picha moja ya rangi, ya saa moja na dakika arobaini asubuhi, ya njule akivuka kijia: mgongo mweusi, ubavu wa rangi ya kutu, pua ndefu ikichokonoa majani. Nilifurahi kuliko nilivyofurahia nguruwe wote. Ni ndugu wa karibu wa yule njule mwenye uso wa kijivu ambaye sayansi haikujua kwamba yupo hadi kamera za mtego zilipompiga katika misitu ya Udzungwa mwaka 2005, akaja kupewa jina 2008, mnyama wa uzito wa gramu mia saba hivi. Na ni Udzungwa hukohuko ambako minde, swala adimu wa misituni, alipigwa picha yake ya kwanza porini mwaka 2003, baada ya zaidi ya karne moja ya kujulikana kwa ngozi na mafuvu. Kadi hiyohiyo, picha 19 baadaye, ilikuwa na pongo jike akipita usiku kuelekea kijitoni. Kwenye shingo yake kuna mstari mwembamba usio na manyoya, umezunguka kama mkufu, na waya haupo. Mjomba aliikuza picha kwa vidole viwili, kama nilivyomfundisha, akaisogeza hadi kwenye madoa ya paja.

"Ni yule mdogo," akasema. "Wa chini ya mkorosho."

Dume lenye sikio lililochanika halijaonekana tangu Novemba. Kamera ya bondeni nimeihamishia juu ya kijito, mita mbili na nusu kutoka chini, imeinamishwa kidogo. Betri nilizipima Kariakoo, na saa nimeiweka mwenyewe.